Kikali, Kirefu, Kikubwa: Rekodi za Pepo na Maji kutoka Kibiti hadi Mafia

Kimbunga kikali kuliko vyote

Tangu setilaiti zianze kuichungulia Bahari ya Hindi, hakuna kimbunga kilichoifikia pwani ya Tanzania kikiwa na nguvu kama Hidaya. Kilizaliwa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024 upande wa kaskazini ya Madagaska. Vimbunga vingi vya huko hushuka kusini na kuishia Msumbiji au baharini, lakini hiki kilielekea magharibi moja kwa moja, kuja kwetu. Wataalamu wa Réunion, ambao ndio wenye jukumu la kufuatilia vimbunga vya upande huu wa bahari, walikadiria upepo wake kwenye kilele kuwa kilomita 140 kwa saa hivi. Jumamosi ya tarehe 4 Mei kikagusa nchi kavu Kisiwa cha Mafia, na kufikia saa sita ya usiku huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikatangaza kuwa kimepoteza nguvu.

Kabla ya hapo boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikwishasitishwa, na wavuvi kuanzia Mtwara hadi Tanga wakaambiwa wavute vyombo juu. Upepo wenyewe ulipungua haraka. Mvua iliyoburutwa nyuma yake ndiyo iliyofanya kazi kubwa: kule Kilwa maji yalikata barabara kuu ya kusini kwenye madaraja ya Somanga-Mtama, Mikereng'ende, Njenga na Matandu, na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama siku kadhaa. Mtu wa Kibiti aliyekuwa na mzigo wa kwenda kusini alikaa nao palepale barabarani.

Kimbunga kama hiki ni nadra kwetu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ikweta. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na nguvu hiyo ya kuzungusha hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Delta ya Rufiji iko karibu na nyuzi 8 kusini, pembezoni kabisa mwa eneo ambalo kimbunga kinaweza kusimama imara. Ya pili ni Madagaska, kisiwa kirefu kinachovikatisha vimbunga vinavyotoka mashariki. Lakini kimbunga hulishwa na maji yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, na mwaka ule, baada ya El Niño ya 2023, bahari ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Wiki mbili tu baada ya Hidaya dhoruba nyingine, Ialy, ilipita karibu na pwani ya Kenya, katika mwezi ambao msimu wa vimbunga kwa kawaida umekwisha.

Kuna jambo ambalo sikulisikia likitajwa sana, nalo ni mwezi. Tarehe 4 Mei 2024 ilikuwa siku ya 25 ya Mfunguo Mosi. Mwezi mwandamo ulikuwa uzaliwe tarehe 8. Maana yake ni kwamba Hidaya alifika wakati maji yanatoka kwenye maji mafu na bado hayajafikia bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pwani hii tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3, na bamvua kubwa hukaribia 4. Laiti kimbunga kile kingechelewa siku nne au tano, kingeikuta bahari imejaa hadi ukingoni, nacho kikasukuma maji juu yake. Watu wa Jaja, Msala, Kiomboni na Mbwera, vijiji vya delta, wanaishi juu ya ardhi ambayo bamvua ya kawaida tu huifikia mlangoni. Kwao hizo siku nne ndizo zilizookoa.

Waliotangulia

Wazee wa pwani wana kimbunga chao, nacho hakikupimwa kwa setilaiti. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na Bagamoyo, ikang'oa mikarafuu, ikavunja majahazi bandarini na kuziangamiza merikebu za Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Huo ni upepo wa siku moja uliohamisha uchumi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, na sijui upepo mwingine wa pwani hii wenye sifa hiyo. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth alitua kaskazini ya Msumbiji baada ya kuitia Mtwara hofu kubwa, na Aprili 2021 Jobo alikuja akielekea pwani ya Mafia na Dar es Salaam lakini akaishiwa nguvu njiani. Anayesoma orodha hii ataona kuwa kwetu mwezi wa kuogopwa ni Aprili, tena kuanzia katikati yake, wakati upepo wa kaskazi umekufa, ule wa kusi haujashika vizuri na masika imepamba moto.

Mawimbi nayo yameacha alama yao: kwenye rasi ya magharibi ya Mafia, inayotazamana na delta, kulikuwa na mji wa Kisimani. Leo magofu yake yameliwa na mawimbi, na vipande vya vyungu huokotwa mchangani maji yakipwa.

Bonde kubwa kuliko yote

Rufiji ndio mto wenye bonde kubwa kuliko mito yote ya Tanzania: kilomita za mraba 177,000 hivi, yaani moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero huleta maji ya Udzungwa na nyanda za Njombe. Ruaha Mkuu huja kutoka Usangu kupitia Mtera na Kidatu. Luwegu hutoka kusini, upande wa Songea. Yote hukutana na kupita kwenye korongo moja la Stiegler, halafu ikamwagika kwenye uwanda wa Rufiji na Kibiti. Ndiyo sababu mtu anaweza kuamka Muhoro, juu kweupe, hakuna hata wingu, akakuta maji yamepanda hadi kwenye shina la mwembe. Mvua ile ilinyesha siku nyingi nyuma, kwenye milima ambayo yeye hajawahi kuiona.

Mafuriko yaliyoathiri watu wengi kuliko yote katika miaka ya karibuni ni yale ya Aprili 2024. Siku ya Idd el-Fitri, tarehe 10, familia nyingi za Rufiji na Kibiti ziliswali zikiwa zimezungukwa na maji. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za El Niño zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri watu zaidi ya 200,000. Usiku wa kuamkia tarehe 24, siku moja kabla ya hotuba hiyo, mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua. Bahari inapojaa kwa bamvua hurudi ndani ya vijito vya delta na kuyazuia maji ya mto yasitoke. Mto nao unasukuma kutoka juu. Katikati ya hizo nguvu mbili ndipo penye mashamba ya mpunga ya Kibiti.

Mwaka ule kulikuwa na kitu kipya. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye korongo hilo la Stiegler, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilikuwa limejaa, na milango ikafunguliwa. Wananchi wengi walisema ni bwawa lililowafurikisha. Serikali ilisema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa lilizuia sehemu kubwa ya maji. Hoja ya serikali kuhusu ujazo wa maji nina mwelekeo wa kuikubali, maana mvua ya El Niño ingeshuka hata kama korongo lingekuwa tupu. Mafuriko ya 1997 na 1998 yalikuja kabla ya bwawa hilo kuwapo. Lakini kilio cha wananchi kina msingi ambao takwimu za ujazo haziufuti. Zamani hakuna aliyekuwa na ufunguo wa mto. Sasa upo mkono unaofungua mlango kwa saa inayojulikana, na mwenye mkono huo anaweza kutangaza saa hiyo mapema, kijiji kwa kijiji, hadi kule ambako boti ndiyo njia pekee ya kufika.

Warufiji hawakuwahi kuyaona mafuriko kuwa ni adui mtupu. Wana kilimo chao cha mlau: maji yakishuka na kuacha udongo mweusi wenye unyevu, hupandwa mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua nyingine. Wana dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, ambapo mtu hulala akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, na ambapo maji yakija ghafla hupita chini yake. Kamba wa Rufiji, ambao kwa miaka mingi wamekuwa sehemu kubwa kabisa ya kamba wanaovuliwa nchini, hutegemea maji ya masika yaingie baharini na chakula chake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhamishwa pamoja nao.

Mafuriko ya 1978 yana rekodi ya aina yake: yaliuhamisha mto. Kabla yake maji mengi yalitokea kusini ya delta. Baada yake mkondo mkuu ukaelekea kaskazini. Wa kaskazini wakapata maji matamu, wakafyeka mikoko na kupanda mpunga. Wa kusini wakaachiwa chumvi.

Mlango mgumu kuliko yote

Delta ina uso wa kilomita 65 hivi baharini, na mto hutokea kwenye midomo mingi: Simba Uranga, Kikunya, Msala, Kiomboni, Jaja na mingineyo. Kila mdomo una fungu la mchanga na tope mbele yake, na fungu hilo huhama kila baada ya masika kubwa. Ukimuuliza nahodha mlango upi ni mbaya kuliko yote, atakujibu kwa kukuuliza saa ngapi na upepo upi.

Nionyeshe kwa karibu namna hatari inavyojengeka. Ni Julai, mchana. Kusi imeanza kupanda tangu saa nne asubuhi na sasa inavuma kutoka kusini mashariki kwa nguvu zake zote. Maji yanapwa. Mto wote, pamoja na maji ya bahari yaliyoingia tangu alfajiri, unatoka kwa kasi kuelekea mashariki, yaani unakwenda kupambana na upepo uso kwa uso. Kwenye fungu kina kinapungua ghafla. Wimbi ambalo nje lilikuwa refu na laini hapa linasimama, linafupika, linavunjika kichwa. Nyuma yake kuna jingine, na jingine, hata mtumbwi haupati nafasi ya kupumua baina yake. Ukitazama utaona mstari: upande mmoja maji ya kahawia ya mto, upande wa pili maji ya kijani ya bahari, na juu ya mstari huo povu, majani na vijiti vya mikoko. Saa sita baadaye, maji yakijaa na upepo ukilala, mlango uleule mtoto anaweza kuupita kwa pondo.

Watu wa Nyamisati wanaifahamu hesabu hii bila kuandikiwa. Nyamisati, wilayani Kibiti, ndipo Mafia inapounganishwa na bara; kivuko cha MV Kilindoni huondoka hapo, na maboti ya mbao na ya faiba pia. Maji yakipwa, kijito kinabaki mkanda mwembamba katikati ya tope, na abiria hukaa gatini na magodoro yao, ndoo zao, kuku wao, na simu zilizofungwa ndani ya mifuko ya nailoni, wakingoja maji yapande. Anayekuja kutoka Dar es Salaam na hajaizoea safari huuliza ratiba. Wenyeji hutazama mizizi ya mikoko ng'ambo, wakaona imebaki wazi kiasi gani.

Msitu mkubwa kuliko yote

Mikoko ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki ukiuchukua kama kipande kimoja; makadirio yake ni hekta 50,000 hivi. Aina nane zinakua hapo, zikiwemo mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi na msikundazi. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na karibu hekta 600,000. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi yakiwa yamesheheni boriti za kuezekea nyumba za Oman, Kuwait na Uajemi, pwani zenye uhaba wa mbao za kujengea. Wimbi linaloingia kwenye mikoko minene hupoteza nguvu katika mita mia chache za kwanza, kwa hiyo kila shamba la mpunga linalofyekwa ukingoni hupunguza ukuta. Sitamlaumu mkulima ambaye mto ulimhamia. Namtaka tu aulizwe, kabla ya kuambiwa apande mikoko, mpunga wake ataupanda wapi.

Ndani ya vijito hivihivi ndimo ilimojificha meli kubwa kuliko zote zilizofia Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg. Iliingia mwaka 1914, na manowari nzito za Waingereza zikashindwa kuifuata kwa sababu ya mafungu na kina kidogo. Ilibidi vyombo vya matumbo bapa, Severn na Mersey, viletwe kutoka Malta, na hata hivyo haikumalizwa hadi tarehe 11 Julai 1915. Tope limekwisha kumeza kilichobaki.

Msiba mkubwa kuliko yote

Misiba mibaya zaidi ya bahari ya Waswahili haikuletwa na kimbunga. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kwenye mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi kikubwa. Miili 203 ndiyo iliyopatikana. Uchunguzi ulionyesha waliopotea ni zaidi ya elfu moja. Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka kwa upepo. Miezi yote miwili ni ya kusi. Kusi ndio upepo mrefu kuliko yote ya pwani hii, unashika kuanzia Aprili hadi Septemba, na chini yake unapita mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima, nao huongezeka kasi msimu huo. Chombo kilichozimika injini kwenye mkondo huo hakikai kilipo kikingoja msaada.

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyovuka bahari nzima kutoka Sumatra, iliua watu kama 10 Tanzania, wengi wao waogeleaji wa Dar es Salaam.

Rekodi za majirani

Rekodi ya dunia ya mvua ya siku moja iko kwenye bahari yetu hii. Foc-Foc, juu milimani Réunion, ilipata milimita 1,825 ndani ya saa 24 tarehe 7 na 8 Januari 1966, kimbunga Denise kilipopita. Dar es Salaam kwa mwaka mzima hupata kama 1,100. Kimbunga kilichodumu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa ni Freddy, cha Februari na Machi 2023: siku 36, karibu kilomita 12,800, kutoka upande wa Australia hadi Msumbiji, ambako kilitua, kikarudi baharini, kikatua tena na kuisambaratisha Blantyre, Malawi. Ndugu zetu wa Maskati watataja Gonu cha Juni 2007, ambacho kilipita mabonde makavu na kuyageuza mito. Wa Mayotte hawana haja ya kukumbushwa: tarehe 14 Desemba 2024 Chido kilikipiga kisiwa chao kwa ukali ambao haukuonekana hapo kwa miaka 90, kikavibomoa vibanda vya bati vya mlimani, ambamo wengi wa waliolala ni wahamiaji wa Komoro.

Onyo linalorudiwa kuliko yote

Anayefuatilia taarifa za TMA anaijua sentensi hii: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Hurudiwa mara nyingi mno, msimu kwa msimu, hata masikio yamelizoea. Upepo huo haufiki hata theluthi moja ya Hidaya. Hakuna gazeti litakaloupa ukurasa wa mbele. Lakini ngalawa na mitumbwi ya Salale na Mbuchi ubavu wake haufiki hata nusu mita juu ya maji, na wimbi la mita 2 linalovunjikia mlangoni Simba Uranga halihitaji jina la kimbunga ili kulijaza dau. Katika orodha hii yote, hiki ndicho kipimo ninachokiogopa zaidi, kwa sababu ndicho kinachomkuta mvuvi yuko majini.

Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi nzuri, na TMA walivyomfuatilia Hidaya siku hadi siku ni kazi ya kusifiwa. Kinachokosekana kwenye delta ni kuziunganisha habari tatu ambazo sasa zinatoka ofisi tatu. TMA wana upepo. Shirika la umeme, TANESCO, lina milango ya bwawa. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina vipimo vya mto. Habari ya nne, ya mwezi, iko kwenye kila kalenda ya msikitini. Ujumbe mmoja wa simu kwa mwenyekiti wa kijiji cha Jaja ungeweza kuzibeba zote: leo ni mwezi 25, bamvua inaanza kesho kutwa, milango mingapi imefunguliwa na tangu saa ngapi, maji yatafika kwenu siku gani, kusi inatarajiwa kupanda kuanzia saa nne asubuhi, wenye kuvuka kwenda Mafia wavuke saa ngapi maji yakijaa, na wenye mpunga ukingoni mwa kijito waanze kuuvuna leo.